Usiku 1,460: Maneno ya Fundi Viatu kwa Wazazi wa Watoto Wenye Nyayo za Kifundo

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, tarehe 3 Juni

Waheshimiwa madaktari na wauguzi, wazazi wenzangu mliotoka Kadutu, Bagira na Ibanda, nanyi mliovuka ziwa kutoka Idjwi huku mmebeba watoto, nawasalimu nyote.

Nilipoombwa kusema mbele yenu nilisita, kwa kuwa mimi si mtu wa hospitali. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko Kadutu, karibu na soko, na kazi yangu ya kila siku ni kushona soli zilizofunguka, kubadilisha visigino na kuokoa viatu ambavyo matope ya mji huu huvila tangu Septemba hadi Mei. Lakini mtoto wangu wa tatu, ambaye sasa ana miaka sita na yuko shuleni, alizaliwa wayo wake wa kulia ukiwa umepinda kuelekea ndani, na katika kumlea nimejifunza jambo ambalo napenda kuliweka mbele yenu kabla ya mengine: wiki za plasta ngumu inayonyoosha wayo ni za daktari, lakini miaka ya viatu vya kuushikilia usirudi ni ya mzazi, na mtoto ambaye mguu wake unarudi kupinda mara nyingi huwa alinyooshwa vizuri kliniki, kisha akapotezewa kazi hiyo nyumbani, usiku, na watu wanaompenda. Nasema hivyo nikijua kwamba mimi mwenyewe ni mmoja wa watu hao, na nitawaeleza ilivyokuwa.

Tuutazame kwanza mguu wenyewe. Mtoto mwenye wayo wa kifundo ana mambo manne kwa pamoja: upinde wa wayo umeingia ndani kupita kiasi, sehemu ya mbele imegeukia mguu wa pili, kisigino kimelalia ndani, na kisigino hichohicho kimevutwa juu na kano iliyo fupi, hata wayo ukaelekea chini kama wa mtu anayenyata. Akiachwa hivyo, atakapoanza kutembea atakanyaga kwa upande wa nje, au hata kwa mgongo wa wayo, na ngozi ambayo haikuumbwa kwa kukanyagia itaota sugu na vidonda. Watu wazima wa namna hiyo mnawaona njiani. Mimi nimewashonea viatu, na viatu vyao hushonwa kwa kukisia, kwa maana hakuna kalibu inayofanana na mguu wao.

Hali hii haikuchagua nyumba yako peke yake. Kwa wastani, katika watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa nayo. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na takriban nusu ya watoto hao huwa nayo kwenye miguu yote miwili. Kwa walio wengi sababu yake kamili haijulikani, ingawa urithi unachangia, na ndiyo maana katika baadhi ya familia utasikia kwamba mjomba au shangazi naye alizaliwa hivyo. Kinachojulikana vizuri ni yale ambayo si sababu. Mama hakuruka kitu njiani, hakula nyama aliyokatazwa, hakulala vibaya, hakulogwa na jirani. Nayataja moja moja kwa kuwa niliyasikia yote katika wiki ya kwanza ya mtoto wetu, na mengine yalisemwa na watu waliokuja kutupongeza, sabuni na sukari zikiwa mkononi. Mke wangu aliacha kupokea wageni. Kina baba, katika wiki hiyo mahali penu ni mlangoni, na wala msione haya kumwambia mgeni kwamba mama amelala.

Katika kituo kimoja cha afya tuliambiwa tusubiri mtoto atimize mwaka, eti mifupa ipate nguvu kwanza. Nilitii kwa siku kumi. Baadaye nikaelezwa kwamba ukweli ni kinyume chake: mifupa ya wayo wa mtoto mchanga kwa sehemu kubwa bado ni gegedu laini, kano zake bado zinakubali kuvutwa, na kwa sababu hiyo matibabu hupendelewa kuanza katika wiki za mwanzo za maisha. Hata hivyo mzazi aliyekuja leo na mtoto wa mwaka mmoja au miwili asiondoke amevunjika moyo, maana hao pia hunyooshwa kwa njia ileile, ila plasta zao huwa nyingi zaidi. Daktari akimvua mtoto nguo zote ili amtazame mgongo na nyonga, msishangae wala msikasirike. Anahakikisha kwamba wayo haukupinda kwa sababu ya ugonjwa mwingine.

Njia hiyo ya kunyoosha wayo taratibu kwa mikono na plasta ni ya daktari Ignacio Ponseti, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, na ndiyo sababu tumekutana siku ya leo. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na yeye akiwa mtoto alimsaidia katika kazi hiyo. Mtaniwia radhi, lakini fundi kama mimi hawezi kulipita neno hilo kimyakimya. Alitibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, akakimbilia Ufaransa na kisha Meksiko, na mwaka 1941 akafika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Huko aliwachunguza watu waliokuwa wamefanyiwa upasuaji mkubwa wa nyayo utotoni, akaona kwamba nyayo zao zimekuwa ngumu na zinauma. Akatafuta namna ya kunyoosha kwa mikono na plasta. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na kwa miaka 30 hivi madaktari wengi duniani waliendelea na visu vyao kana kwamba hakusema kitu. Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya msukumo huo ilitoka kwa wazazi, waliopashana habari na kuikataa meza ya upasuaji. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 95, njia yake ikiwa imekwisha kufika kwa jirani zetu wa Uganda.

Katika kazi hiyo ya Uganda alikuwamo daktari Shafique Pirani, na namba mnayoiona ikiandikwa kwenye karatasi ya mtoto ni ya kipimo chake: 6 ni wayo uliopinda kabisa, 0 ni wayo wa kawaida. Ombeni mwonyeshwe namba hiyo kila wiki. Mama aliyeona 5 ikishuka ikawa 3 hatazuiwa na mvua wiki inayofuata.

Plasta hubadilishwa kila baada ya wiki moja, na kwa kawaida huwa kati ya 4 na 7. Mtaalamu wa viungo, huyu ambaye sisi hapa humwita kine, huugeuza wayo taratibu kwa vidole, huushikilia mahali ulipofikia bila kuulazimisha, kisha huufunga ukae hapo hadi wiki ijayo. Baba mmoja aliniuliza kibandani kwa nini plasta ipande hadi juu ya paja ilhali ubaya uko chini. Plasta fupi humtoka mtoto kama buti kubwa, na tena wayo haugeuki inavyotakiwa mpaka goti limeshikwa likiwa limekunjwa. Mtoto akilia wakati wa kufungwa, mama amnyonyeshe palepale. Kilio hicho mara nyingi ni cha kuchoka kushikwa, na mtoto anayenyonya hulegeza mguu, jambo linalomsaidia kine kuliko maombi yetu ya kumtaka afanye haraka.

Nyumbani kazi ni ya macho. Kila unapombadilisha mtoto nepi, bonyeza kidole cha mguu: kitakuwa cheupe, kisha damu irudi upesi. Vidole vikiwa vya baridi, vimevimba au vimegeuka rangi, au vikianza kujificha ndani ya plasta, maana yake plasta imebana au imeteleza, na safari ya kliniki ni ya siku hiyohiyo, siyo ya siku iliyoandikwa kwenye karatasi. Hivyohivyo ikitoa harufu mbaya au mtoto akipata homa bila sababu nyingine. Plasta haipendi maji. Mtoto huoshwa kwa kitambaa chenye unyevu, nepi hubadilishwa mara nyingi kuliko kawaida, na katika majira ya mvua mguu hufunikwa na mfuko wa plastiki mkiwa njiani tu. Mkifika, mfuko utolewe, kwa kuwa jasho nalo ni maji. Msiiloweshe na kuivua jioni ya siku iliyotangulia ili asubuhi iwe rahisi. Usiku mmoja bila plasta hurudisha nyuma sehemu ya kazi ya wiki nzima.

Kuhusu kubeba, kina mama wanajua kuliko mimi. Mke wangu alipata shida mgongoni, kwa kuwa mguu wenye plasta ulikuwa mzito na uliuvuta upande mmoja wa kitenge, akaamua kumbeba kwa mbele mpaka siku za plasta zilipokwisha. Kuhusu gharama sitazunguka. Kwa wengi wetu kinachokula pesa ni njia: pikipiki kila wiki, mashua kila wiki, na siku ya soko inayopotea kila wiki. Anayeona kwamba wiki ijayo hatapata nauli aseme leo, angali kliniki, kwa sababu kuna wakati wazazi wa upande mmoja huweza kusaidiana. Na siku ambazo njia hazipitiki, kama tulivyokwisha kuziona katika mji huu, pigeni simu mwelekezwe. Plasta isisahauliwe mguuni wiki baada ya wiki, maana mtoto anakua na yenyewe haikui.

Wayo ukishageuka nje vya kutosha, kwa watoto wengi hubaki kano ya kisigino ambayo ni fupi mno. Daktari huipaka dawa ya ganzi sehemu hiyo, huikata kano kwa tundu dogo, na hufunga plasta ya mwisho inayokaa wiki 3, ambamo kano hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi. Ni dakika chache. Neno kukata hututisha, nami nilitoka nje nikasimama uani. Niliporudi mtoto alikuwa ananyonya. Doa dogo la damu kwenye plasta ni la kawaida, ila likizidi kupanuka rudini.

Sasa nafika mahali penye kazi yangu na kosa langu.

Siku plasta ya mwisho inapotolewa, mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fito, yenye urefu unaokaribia upana wa mabega yake. Vya mtoto wetu vilikuwa vya mtindo wa Steenbeek, uliobuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, Mholanzi aliyetaka kiatu ambacho fundi wa kawaida wa Afrika anaweza kukitengeneza kwa ngozi, mbao na chuma cha dukani. Kiatu cha mguu uliotibiwa huelekea nje kwa nyuzi 60 hadi 70, na cha mguu mzima nyuzi 30 hadi 40. Mteja aliyeviona juu ya meza yangu alicheka, akidhani nimelewa nikaunga kiatu mshazari. Miezi 3 ya kwanza huvaliwa saa 23 kwa siku, saa moja ikibaki ya kuoga na kucheza. Baada ya hapo huvaliwa usiku na katika usingizi wa mchana, saa 12 hadi 14 kwa siku, mpaka mtoto afikishe miaka 4 au 5. Nimepiga hesabu: plasta 6 ni siku 42, na miaka 4 ni usiku 1,460.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nakubali nusu ya methali hiyo, kwa kuwa samaki ukimkunja akakauka hubaki alivyokunjwa, lakini wayo wa mtoto haukauki. Unakua, na misuli na kano zilizoupinda tumboni mwa mama zinakua pamoja nao zikiwa na hamu ileile ya kuvuta ndani.

Kuvisha kuna utaratibu wake. Soksi iwe ya pamba, isiyo na mshono unaovimba. Anza na mguu ulio mgumu zaidi, kunja goti, sukuma kisigino kikae chini kabisa, kaza kwanza ukanda unaopita juu ya kifundo, na kamba zifuate. Viatu vya mtindo huu vina tundu nyuma: kisigino kisipoonekana katika tundu hilo, fungua uanze upya. Piga mstari kwa kalamu kwenye soli ya ndani pale vidole vinapoishia, ili kesho ujue kama mguu umeteleza. Na sasa nisikilizeni kama fundi. Mteja akija kwangu na lengelenge kisiginoni mimi hulegeza kiatu. Hapa fanyeni kinyume. Wekundu na malengelenge nyuma ya kisigino kwa kawaida huonyesha kwamba kiatu kimelegea na mguu unasugua ukijaribu kutoka. Kaza zaidi, usipake mafuta wala losheni mahali hapo, na ngozi ikichubuka mwonyeshe kine. Fito ifungeni kitambaa kinene, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya meno ya ndugu zake wanaolala naye. Katika siku za mwanzo mchezesheni akiwa amevaa, mkikunja na kunyoosha miguu yote miwili pamoja, kwa sababu kinachomliza ni kutaka kupiga mguu mmoja na kukuta wa pili unafuata. Mke wangu alijifunza kufunga kamba hizo gizani, kwa vidole tu, kwa kuwa umeme wa mtaa wetu hauna miadi na mtu.

Mimi nilishindwa mtoto alipokuwa na miezi 11. Mguu ulikuwa umenyooka, mzuri, ameanza kusimama kwa kushika kiti. Mama mkwe alikuja kutoka Walungu, akasikia mjukuu analia usiku, akauliza ni kosa gani mtoto huyu ametenda hata afungwe chuma. Mkwe akiuliza swali kama hilo, baba hana jibu. Nikavitoa. Usiku uliofuata nikasema apumzike tena mpaka bibi aondoke. Bibi aliondoka baada ya wiki moja na viatu vikabaki chini ya kitanda. Mke wangu alinikumbusha mara mbili, nikamwambia mtoto amepona, mimi ni fundi, naujua mguu.

Zikapita wiki sita. Siku moja nilikuwa nasafisha vile viatu vyake vidogo vya mchana nilivyomshonea mwenyewe, nikageuza cha kulia. Upande wa nje wa soli ulikuwa umelika, na wa ndani ulikuwa mpya kabisa. Kazi yangu ni kusoma alama kama hizo kwenye viatu vya watu wengine, na sikuhitaji daktari kunisomea ile. Kliniki, kine aliniuliza mtoto anavaa saa ngapi kwa siku. Nikasema 12. Akakichukua kiatu cha usiku, akatazama ndani, mahali ambapo jasho na uzito wa mguu huacha kivuli kwenye ngozi, kisha akanirudishia bila neno. Mtoto wetu alirudi kwenye plasta 3 kwa kosa langu, akiwa mkubwa wa kuelewa kwamba amenyimwa kutambaa.

Tangu usiku ule viatu nimekuwa nikivivisha mimi. Nawasihi kina baba mfanye hivyo, kwa sababu mama aliyeamka alfajiri kwenda sokoni na kurudi jioni kupika huwa amechoka saa ambayo mtoto anasumbua, na mtu aliyechoka hushindwa na kilio. Visheni saa ileile, mahali palepale, kila siku, mtoto avione kama blanketi. Bibi, shangazi na dada anayewasaidia nyumbani waonyesheni namna ya kufunga kabla hamjawaachia mtoto, na mwaelezeni bibi sababu kwa heshima na kwa utulivu, mchana, siyo usiku wa manane mtoto akilia. Mama mkwe wangu alipoelezwa hivyo na kine mwenyewe aliyashika kuliko mimi, na alipokuja tena alikuwa anakagua tundu la kisigino kwa kidole.

Mtoto huyo leo anapiga mpira wa matambara na wenzake kwenye miteremko ya Kadutu, na anashindana kupanda ngazi. Wayo wake wa kulia ni mdogo kidogo kuliko wa kushoto na shavu la mguu huo ni jembamba. Vitabaki hivyo, nanyi msivipeleke kwa mganga wa mitishamba avikandekande. Viatu vyake vya shule namshonea vya vipimo viwili.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha. Wenye viatu vilivyokatika ukanda, vilivyofunguka mshono au vilivyopoteza kamba, nitakaa pale karibu na mlango nikiwa na msharasi na uzi, na sitamtoza mtu. Pembe ya fito siigusi, hiyo ni ya kine. Naomba nianze na wa Idjwi, mashua yao haisubiri.